Go, come, limp, stagger: jinsi ya kuchagua neno la mwendo kwa Kiingereza hatua kwa hatua

Nafundisha Kiingereza waongoza watalii na wapagazi hapa Moshi, na wengi wanakuja darasani tayari wanaongea, wanapiga stori na wageni njia nzima bila shida. Ila kuna sehemu inawakamata karibu wote, nayo ni maneno ya mwendo: kwenda, kuja, kupita, kufuata, kuanguka, kuyumba. Unakuta mtu ana Kiingereza kizuri kabisa ila akianza kuelezea nani katoka wapi kaenda wapi na kaendaje, mgeni anabaki kukunja uso.

Shida sio msamiati peke yake. Kiswahili kinabeba njia ndani ya kitenzi chenyewe, ingia, toka, panda, shuka, vuka, rudi, alafu namna ulivyotembea tunaichomeka baadae, kwa kukimbia, kwa kunyata, akichechemea. Kiingereza cha kila siku kinafanya kinyume, namna ya mwendo ndo inakuwa kitenzi na njia inakuja nyuma kama kamkia kadogo, in, out, up, down, across. Mtaalamu wa lugha wa Marekani Leonard Talmy ndiye aliyeueleza vizuri huu mgawanyo wa lugha, na ukishaushika hatua zinazofuata zinakuwa nyepesi.

Hatua ya 1: jua umesimama wapi

Kabla hujafungua mdomo jiulize, mwendo unaelekea kwangu au kwa ninayeongea naye, au unaenda pengine? Ukija kwangu au kwako ni "come" na "bring", ukienda pengine ni "go" na "take". Hapa tunafanana sana na wenzetu. Mteja yuko hotelini unaongea nae kwenye simu, utasema "I'll come to your hotel at six", sio "I'll go". Begi nalo hivohivo, mkiwa wote getini unamwambia "I'll take your bag to the camp", ila kama yeye ameshafika kambini na mnaongea kwa simu inakuwa "I'll bring your bag to the camp", kama vile tu sisi tungebadilisha kutoka nitakupelekea kwenda nitakuletea.

Tatizo ni moja, ile "nakuja" tunayosema wakati tunaondoka. Sisi tunaelewa, maana yake narudi sasa hivi. Sasa chukua dada wa mapokezi, mgeni kasimama mbele yake na pasipoti mkononi, dada anamwambia "I'm coming" alafu anageuka anatokomea mlango wa nyuma. Mgeni anamuona anaenda wakati amesikia anakuja! Sema "I'll be right back", au "one moment, I'm just going to the office", basi.

Hatua ya 2: igeuze sentensi

Andika sentensi yako kwa Kiswahili, itafute namna ya mwendo uifanye kitenzi, alafu itafute njia uiweke nyuma yake. Mtoto alitoka nje mbio, mbio ndo namna na kutoka ndo njia, kwahiyo "the child ran out". Alivuka mto kwa kuogelea, "he swam across the river". Alipanda ngazi akinyata, "she tiptoed up the stairs". Alishuka akichechemea, "he limped down". Wanafunzi wangu wengi wanaandika "he descended while limping", sio kosa la sarufi, mtu ataelewa, ila ni Kiingereza cha ripoti ya polisi. Maneno kama descend, ascend, enter, exit yapo na yana kazi zake, mengi yametoka Kilatini na Kifaransa ndo maana yanasikika ya kiofisi.

Fanya hivi kila siku na sentensi chache za mambo uliyoyaona njiani. Ni zoezi kavu kidogo lakini hakuna lingine linalofanya kazi kama hili.

Hatua ya 3: angalia miguu

Hapa naomba usiruke, na kama unafanya kazi mlimani soma mara mbili.

"Walk" ni kutembea tu, haisemi kitu kingine. "Stroll" ni kutembea taratibu kwa raha, jioni baada ya chakula. "Wander" ni kurandaranda bila pa kwenda maalum, na mteja aki-"wander off" ujue ameachana na kundi, mtafute. "Trudge" ni kujikokota, miguu mizito, yaani ile saa kumi usiku mnapandisha kutoka kambi ya Barafu kuelekea kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, baridi kali na hakuna anayeongea. "Limp" ni kuchechemea, mguu mmoja unauma. "Crawl" ni kutambaa.

Alafu kuna "stagger", kutembea unapepesuka kama mlevi. Hili neno ukiwa juu ya mlima sio la mapambo. Mteja anayetembea polepole kwa uchovu na mteja anayepepesuka ni wagonjwa wawili tofauti kabisa, huyu wa pili inawezekana ubongo umeanza kuvimba kwa sababu ya mwinuko, na moja ya dalili zake kubwa ni mtu kushindwa kuratibu miguu. Ndo maana anaambiwa apite kwenye mstari ulionyooka, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine, akishindwa anateremshwa hapohapo, hakuna kusubiri asubuhi. Sasa fikiria uko kwenye redio unaongea na daktari asiyejua Kiswahili unamwambia "the client is walking slowly". Yeye anasikia uchovu. Ukisema "he's staggering, he can't walk in a straight line" ameshakuelewa kila kitu.

Kuanguka nako ni hivohivo. "Slip" ni kuteleza, jiwe lina maji au kuna barafu. "Trip" ni mguu kukwaa kitu, na "stumble" ni kujikwaa au kuyumba kidogo, mara nyingi bila kufika chini. "Fall" ni kuanguka kwenyewe. "Collapse" ni mwili kuishiwa nguvu ukaenda chini wenyewe bila kukwaa chochote. Kwenye ripoti ukiandika "he fell" peke yake daktari lazima aulize kwanini, ila ukiandika "he tripped and fell" anaangalia goti na mkono, ukiandika "he collapsed" anawaza moyo, ubongo, sukari. Neno moja tu linabadilisha matibabu.

Hatua ya 4: vyombo vya usafiri

Hii ni fupi. Sisi tunapanda na kushuka kila kitu, wao hawa-"climb" gari. Chombo unachoweza kusimama ndani ukatembea, basi, treni, ndege, meli, ni "get on" na "get off". Unachokaa juu yake kama pikipiki na baiskeli, hivohivo. Gari dogo, teksi na bajaji ni "get in" na "get out". Dereva wa gari "drives", wa bodaboda "rides".

Hatua ya 5: kufika na kuondoka

"Reach" inataka kitu mbele yake, "we reached the gate". Ile meseji ya "I have reached" ya kwetu geuza iwe "I've arrived" au "I'm here". Na "arrive" haiendi na "to", ni "arrive at the gate", "arrive in Moshi". Kuondoka Arusha ni "leave Arusha", kuondoka kwenda Arusha ni "leave for Arusha", hako ka-"for" ukikasahau umemgeuza mtu safari yake yote. Alafu "he has gone to Dodoma" ameenda na bado yuko huko, "he has been to Dodoma" alishawahi kwenda na amerudi. Mteja akikuuliza bosi yuko wapi usichanganye hapo.

Hatua ya 6: maneno yanayokudanganya kwamba unayajua

Kumfuata mtu nyumbani kwake, kwetu ni kwenda kumuona au kumchukua. "I followed you to your house" kwa mgeni maana yake ulimnyemelea nyuma mpaka kwake, atakuogopa. Sema "I came to see you", au "I came to pick you up".

Nitapita kwako jioni ni "I'll stop by", kwa sababu "I'll pass your house" yeye anasikia utapita bila kusimama. Kumsindikiza mgeni mpaka stendi ni "I'll walk you to the bus station", "escort" inasikika kama askari na mfungwa, au mambo mengine ambayo sio ya kumwambia mteja. Kufukuzwa shule kwa ajili ya ada ni "sent home from school", maana "chased" wao wanaona mwalimu anakukimbiza uwanja mzima. Tukiwa sisi kwa sisi Afrika Mashariki tunaelewana na haya maneno bila tatizo lolote, na sioni sababu ya mtu kuyaonea aibu, ila ukiwa na mgeni kazi yako ni aelewe mara ya kwanza.

Hatua ya 7: jaribu

Chukua hii uiandike kwa Kiingereza bila kutumia "go", "walk" wala "while": Mzee alitoka hemani akichechemea, akavuka kijito kwa kuruka, akateleza, akainuka, akarudi kambini akijikokota. Yangu ni hii: "The old man limped out of the tent, jumped across the stream, slipped, got up and trudged back to camp." Ya kwako ikitofautiana kidogo sio shida, angalia tu kama namna ya mwendo iko kwenye kitenzi na njia imekaa nyuma yake, alafu tunga nyingine tano za kwako za kazini, umsomee mwenzako kwa sauti aigize kwa miguu alichosikia. Akikosea kuigiza, badilisha kitenzi.