Ndugu akiomba hifadhi Ujerumani: makazi, mgawo wa majimbo na barua za serikali

Kwa desturi za Mwanza, mgeni anayeshuka melini kutoka Ukerewe hufikia kwa ndugu, na ndugu asiyempokea hulaumiwa na ukoo mzima. Ujerumani haifuati utaratibu huo kwa mtu anayeomba hifadhi, na ni vyema jamaa zake wanaoishi huko wakalielewa hilo kabla ya kumwahidi chumba.

Mwombaji akishajiandikisha, hupangiwa jimbo mojawapo kati ya majimbo 16 kwa kanuni ya mgawo iitwayo Königsteiner Schlüssel, ambayo hupima mapato ya kodi ya kila jimbo kwa theluthi mbili na idadi ya watu kwa theluthi moja. Ndiyo sababu Nordrhein-Westfalen hupokea takriban asilimia 21 ya waombaji, ilhali Bremen hupokea kama asilimia 1 tu. Huangaliwa pia iwapo kituo kina nafasi, na iwapo tawi husika la BAMF, yaani ofisi ya shirikisho ya uhamiaji na wakimbizi, linashughulikia nchi anayotoka. Mume, mke na watoto wadogo huzingatiwa kama familia moja; mjomba, shangazi na binamu, ambao kwetu ni watu wa nyumbani kabisa, hawaingii katika hesabu hiyo.

Makazi ya kwanza ni kituo cha mapokezi cha jimbo, ambako mtu anaweza kutakiwa kuishi hadi miezi 18, au hadi miezi 6 akiwa na watoto wadogo. Baadaye huhamishiwa wilayani au mjini, katika makazi ya pamoja au nyumba ya kupanga. Anayelazimika kuishi kituoni kwa kawaida husubiri miezi 6 kabla ya kuruhusiwa kufanya kazi. Posho nayo ni ndogo, na tangu sheria ya mwaka 2024 sehemu nyingi huitoa kwa kadi ya malipo iliyokusudiwa, pamoja na mengine, kuzuia fedha kutumwa nje ya nchi. Wazazi walioko Nyakato au Igoma waambiwe hivyo mapema.

Ninalolisisitiza kuliko yote ni anwani. Mwanza tumezoea barua kukaa katika sanduku la posta hadi mtu apate nafasi ya kwenda kuichukua, lakini uamuzi wa BAMF kwa kawaida huja katika bahasha ya njano, na tarehe ya kufikishwa huandikwa juu yake. Muda wa kukata rufaa huhesabiwa tangu siku hiyo: kwa kawaida ni wiki 2, au wiki 1 ombi likikataliwa kwa kuonekana wazi kuwa halina msingi. Kituoni, barua ambayo mhusika hajaichukua huhesabiwa kuwa imemfikia siku ya tatu baada ya kituo kuipokea. Akihama, aiarifu BAMF yeye mwenyewe, pamoja na ofisi inayoshughulikia raia wa kigeni na mahakama ikiwa kesi imeshafika huko, kwa kuwa barua iliyotumwa kwenye anwani ya zamani inaweza kuhesabiwa kuwa imepokelewa. Jina lake libandikwe kwenye sanduku la barua la nyumba anayoishi, na bahasha yenyewe isitupwe.

Kanuni mpya za Umoja wa Ulaya zilizopitishwa mwaka 2024 zilipangiwa kuanza kutumika Juni 2026, hivyo muda uliotajwa hapa uthibitishwe kwa wakili au kwa washauri wa Caritas na Diakonie, mashirika ya misaada ya makanisa, siku ileile bahasha inapofika.