Somo: Kufunga kwa sisi wenye maumivu ya viungo

Wakuu, kila wiki napata ujumbe uleule: "Ulifungaje mpaka magoti yakatulia?" Leo naandika mara moja, mwenye swali aulize hapa hapa. Nina baridi yabisi na dawa za daktari bado natumia. Kufunga hakujaniponya. Kumenipunguzia ule ukakamavu wa asubuhi, wakati vidole vinakataa hata kufunga kishikizo cha shati.

Hatua 1. Pima kwanza. Baridi yabisi, jongo na goti lililosagika ni vitu vitatu tofauti.

Hatua 2. Anza na mfungo wa saa 12: maliza kula saa 1 usiku, kula tena saa 1 asubuhi. Wiki mbili.

Hatua 3. Sogeza taratibu hadi saa 5 asubuhi, zinatimia saa 16. Maji kunywa muda wote. Upepo wetu wa Dodoma unakausha jasho kabla hujaliona, unadhani hujapoteza maji.

Hatua 4. DAWA. Hapa ndipo nilipoharibu. Nilikuwa nameza diklofenaki, dawa ya maumivu na uvimbe, alfajiri, kisha nakaa tumbo tupu mpaka saa 5. Siku ya tisa nikapata choo cheusi kama lami, na kizunguzungu kikanishika nikisubiri daladala Sabasaba. Kilikuwa kidonda cha tumbo kinachovuja damu. Dawa hizi huzuia kemikali zinazoleta uvimbe, lakini kemikali hizohizo ndizo zinazolinda ukuta wa tumbo. Meza na chakula, ndani ya saa zako za kula, na ujue kwamba chakula nacho si kinga kamili. Ukiona choo cheusi, nenda hospitali siku hiyohiyo. Prednisoloni, ile dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe, usiikatize ghafla kwa sababu ya mfungo, ni hatari. Ratiba ya dawa ipange na daktari KABLA ya kufunga.

Hatua 5. Unachofungulia. Mwaka 1991 ulichapishwa utafiti wa Norway: wagonjwa wa baridi yabisi walifunga siku 7 hadi 10 chini ya uangalizi, kisha wakala vyakula vya mimea. Nafuu yao ilidumu mwaka mzima. Anayefunga kisha akarudia ulaji wake wa zamani, kwa kawaida maumivu nayo yanarudi. Mimi nafungulia ugali wa uwele, mlenda na choroko. Chipsi niliacha.

MASWALI

Kijana_Nkuhungu: Kwa hiyo nikifunga siku 7 naacha dawa?
Jibu: Hapana. Rudi hatua ya 4, usome yote.

Kijana_Nkuhungu: Si umesema wa Norway walifunga siku 10?
Jibu: Chini ya uangalizi, nimeandika. Wewe nani anakuangalia?

Mama Zawadi: Nina sukari, natumia sindano. Nianze na saa ngapi?
Jibu: Usianze, mama. Insulini bila chakula inaweza kukuzimisha ukiwa usingizini. Waone kwanza wa kliniki yako ya sukari.

Mkulima wa Kongwa: Baba ana jongo. Alifunga siku mbili, kidole gumba cha mguu kikavimba kikawa chekundu. Nilitegemea apate nafuu, imekuwaje?
Jibu: Asante kwa swali hili, ndugu. Jongo huletwa na asidi ya yuriki ikizidi kwenye damu. Mtu akikaa muda mrefu bila kula, mwili unachoma mafuta na kutoa ketoni. Ketoni na asidi ya yuriki zinagombania njia ileile ya kutokea kwenye figo, basi asidi inabaki nyuma na kupanda. Maji kidogo yanazidisha. Mzee asifunge muda mrefu, apunguze pombe na maini, na apimwe figo. Akipata nafuu nijulishe.

Mama Zawadi: Na huo mlenda, ni mbichi au wa kukausha?
Jibu: Wa kukausha, mama, ule wa unga. Naupika na karanga za kusaga. Magadi natia kidogo sana, yana chumvichumvi. Mwenye presha aache kabisa, ataukoroga muda mrefu zaidi lakini utavutika tu.