Kabla hujatembea kwenda mwambani, uliza mwezi

Ukifika Jambiani au Paje, Zanzibar, ukataka kutembea mpaka mwambani, usiulize saa ya maji kupwa tu, uliza na tarehe ya mwezi. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua: maji hupwa mbali sana, lakini yakirudi hurudi kwa kasi, na tofauti ya kupwa na kujaa hufika kama mita 4. Kila siku saa husogea mbele kama dakika 50, kwa hiyo saa za jana hazikufai leo. Mimi huanza kurudi maji yakiwa bado yanatoka. Ukingoja mpaka mkondo ulio nyuma yako, kati yako na ufuo, ujae, umeshachelewa. Halafu vaa viatu, hata vya plastiki; miiba ya vile vidude vyeusi vya baharini hukatikia ndani ya unyayo.