Vifaa vya kwanza vya kupiga picha nebula (mawingu ya gesi na vumbi angani) ukiwa karibu na ikweta

Nunua kuanzia chini kwenda juu: stendi ya miguu mitatu, mtambo wa kufuata nyota (traka), lenzi, kisha kamera. Darubini kubwa isubiri. Anga huzunguka nyuzi 15 kwa saa. Bila traka, lenzi ya mm 135 kwenye kamera ya APS-C (yenye sensa ya ukubwa wa kati) inakupa sekunde mbili hivi kabla nyota hazijawa michirizi.

Traka ndiyo inayowakwamisha watu wa kwetu. Mhimili wake lazima uinuke kwa kipimo cha latitudo yako: Dar es Salaam ni karibu nyuzi 7, Nairobi nyuzi 1 na kidogo, yaani mhimili unalala karibu sawa na ardhi. Mitambo mingi imeundwa kwa anga la Ulaya, na mingine haishuki chini ya nyuzi 15. Soma kipimo hicho kabla ya kulipa. Hata inaposhuka, chuma cha uzani wa kusawazisha huweza kugonga mguu wa stendi. Nguzo fupi ya kuinua traka huondoa tatizo. Ukiwa kusini mwa ikweta, weka swichi kwenye S. Ikibaki N, traka inageukia upande usio wake na michirizi inakuwa mirefu kuliko bila traka kabisa.

Kitundu cha kutafutia ncha ya anga, yaani sehemu ambayo nyota huonekana kuizunguka, usikitegemee. Sigma Octantis, nyota iliyo jirani na ncha ya kusini, ni hafifu mno, na kwa nyuzi 7 imezama kwenye ukungu wa upeoni. Tumia kompyuta yenye N.I.N.A., programu ya kuongoza upigaji picha za anga, na programu-jalizi yake ya Three Point Polar Alignment: inapiga picha tatu mahali popote palipo wazi angani, kisha inakuonyesha mhimili umekosea kiasi gani.

Traka iliyoandikwa kilo 5 ibebeshe kilo 2.5 hadi 3. Upepo nao ni mzigo.

Lenzi ya mm 135 f/2, hata ya mtumba, inatosha mwaka mzima. Bana tundu lake la mwanga hadi f/2.8 nyota za pembeni zikiota mabawa. Pikseli ya mikroni 4 hapo hufunika sekunde 6 za nyuzi (sekunde moja ya nyuzi ni sehemu ya 3,600 ya nyuzi), kwa hiyo kosa dogo la traka halionekani; kwa mm 800 hufunika sekunde 1, na kosa lilelile linaharibu picha.

Kamera ni yoyote inayohifadhi RAW, yaani data ghafi ya sensa. Kichujio kilicho mbele ya sensa hukata sehemu kubwa ya mwanga mwekundu wa haidrojeni, nanomita 656, ndiyo maana Carina, nebula nyekundu ya anga la kusini, hutoka imepauka. Anza na Kilimia: mawingu yake ni ya buluu, hayaathiriki, na jioni za Desemba kiko juu. Piga fremu 90 za sekunde 60, ISO 800.

Pwani, ongeza mkanda wa kupasha lenzi joto. Umande huanza kimyakimya, na utaugundua fremu ya arobaini ikiwa imeshafifia.