Jinsi ya Kuomba Neotaipu ya Trilobiti Ambaye Kielelezo Chake cha Awali Hakitambuliki

Wataalamu wa karne ya 19 walizipa majina spishi nyingi za trilobiti, wanyama wa baharini waliotoweka zamani, kwa kutegemea kipande cha kichwa, mkia uliomomonyoka, au mwili uliopindwa na mgandamizo wa miamba, kama wanavyoonekana wengi wa trilobiti wa Wales waitwao Angelina sedgwickii. Ikiwa kielelezo kinachobeba jina, yaani kile ambacho jina la spishi limefungwa kwacho, hakionyeshi sifa za kuitambua spishi, Kifungu cha 75.5 cha Kanuni za Kimataifa za Majina ya Wanyama, toleo la nne lililoanza kutumika tarehe 1 Januari 2000, kinakuruhusu kuiomba Tume inayosimamia Kanuni hizo ikiweke kando kielelezo hicho na kuteua kingine, yaani neotaipu.

Anza na kisukuku chenyewe, kwa sababu wachoraji wa zamani mara nyingi walijazia sehemu zilizokosekana. Omba ruhusa ya makumbusho inayokihifadhi, kipakwe utando mweupe wa kloridi ya amonia, kisha kipigwe picha kwa mwanga wa pembeni. Palipobaki alama tu kwenye jiwe, chukua nakala kwa mpira wa lateksi. Hakikisha pia kwamba unachokishika ni kielelezo halisi: Jacob Green wa Philadelphia alitoa kitabu chake cha mwaka 1832 pamoja na nakala za plasta, na nakala si kisukuku.

Hatua inayofuata ndiyo inayorukwa zaidi, nayo ni kujiuliza kama Tume inahitajika kweli. Mwandishi wa awali akiwa ameacha vielelezo kadhaa bila kuteua kimoja, unaweza kuteua kilicho bora kuwa lektotaipu, yaani kimoja kati ya hivyo kitakachobeba jina peke yake, katika makala yako mwenyewe. Vikiwa vimepotea vyote, neotaipu nayo huteuliwa bila ombi, mradi masharti ya Kifungu cha 75.3 yatimizwe. Na jina lisilotumiwa na yeyote, kwa maoni yangu, lifungwe kwenye kielelezo chake duni na liachwe hapo; ombi lina uzito pale tu ambapo shaka kuhusu utambulisho wa spishi inatishia uthabiti wa majina, kwa mfano spishi hiyo inapokuwa msingi wa jenasi nzima, yaani kundi la spishi zinazohusiana.

Ukiridhika kwamba ombi linastahili, tafuta kisukuku kizuri kutoka mahali palepale pa awali, au karibu napo iwezekanavyo, na katika tabaka lilelile la mwamba, kikiwa mali ya taasisi ya kisayansi inayotambulika. Andika historia ya jina katika aya zenye namba, eleza kwa picha kwa nini kielelezo cha zamani hakitoshi, onyesha kwamba kipya hakipingani nacho, kisha malizia kwa kuiomba Tume itumie mamlaka yake kamili, yaani uwezo wa kuweka kando kanuni za kawaida katika shauri hilo.

Ombi hutumwa kwa Sekretarieti ya Tume, huchapishwa katika jarida la Tume ili wataalamu wengine watoe maoni, na hatimaye makamishna hupiga kura, ambapo theluthi mbili huhitajika. Hadi uamuzi utakapochapishwa, Kifungu cha 82 kinataka matumizi yaliyozoeleka ya jina yaendelee, kwa hiyo usitoe jina mbadala wakati shauri lingali mbele ya Tume.