SOMO: Kuandaa kongamano ambalo washiriki watapata walichokijia

Wiki haipiti bila mtu kuniuliza namna ya kuandaa kongamano hapa Kisumu, na swali ni lile lile: ukumbi gani mzuri? Ukumbi si swali la kwanza. Naandika yote hapa ili nikiulizwa tena niwaelekeze huku.

1. Andika kwa sentensi moja mshiriki ataondoka akijua nini, au akiweza kufanya nini. Sentensi ikikushinda, usikodi chochote.

2. Tarehe. Uliza kama mji una mkutano mwingine mkubwa. Wiki kama ile ya Africities, mkutano wa miji ya Afrika uliofanyika hapa Mei 2022, mkutano mdogo hauwezi kushindania vyumba vya kulala. Ukitarajia watu wa Kisii na Nyamira, epuka Jumamosi. Waadventista ni wengi huko na hiyo ndiyo Sabato yao. Ijumaa acha nafasi ya swala ya adhuhuri.

3. Ukumbi. Uliza kama jenereta inaendesha vipaza sauti na projekta, si taa tu. Tazama paa pia: msimu wa Machi hadi Mei mvua kubwa hupenda kuja alasiri, na chini ya mabati yasiyo na dari hamtasikilizana.

4. Pesa na risiti zishikwe na mtu mmoja.

5. Mwaliko. Hatua hii isomeni polepole, kwa sababu nimeona makongamano mengi yakiharibikia hapa. Mshiriki huanza kutarajia siku anaposoma mwaliko. Ukimwandikia mkulima wa mpunga wa Ahero kwamba "tutajadili masoko", yeye anaelewa atakutana na wanunuzi. Akifika akute mihadhara mitatu ya sera, atasema amedanganywa, na ana haki. Basi mwaliko useme wazi nani watakuwepo, nini hakitakuwepo, na nani analipa nauli, malazi na chakula. Kwenye fomu ya kujiandikisha weka swali moja: "Ni jambo gani usipolipata utaona safari yako imepotea bure?" Soma majibu yote, yapange kwa mafungu, wapelekee watoa mada wiki mbili kabla.

Tahadhari: usiulize kama huna nia ya kubadilisha ratiba. Mtoa mada asiyetaka kuyasoma majibu hayo, mtafutie mbadala mapema. Kipindi cha maswali kiandikiwe saa yake. "Muda ukiruhusu" maana yake hakipo. Na mgeni rasmi akichelewa, anzeni. Dakika zake zisikatwe kwenye maswali ya watu walioondoka Busia alfajiri.

6. Baada ya chakula cha mchana usiweke mhadhara. Joto la Kisumu la saa nane linalaza watu. Wagawe kwa vikundi wazungumze.

7. Ndani ya wiki moja watumie maazimio, pamoja na majibu ya maswali ambayo hayakufikiwa.

MASWALI YA WANACHAMA

Mdau wa Kondele: Mkuu, ukumbi gani mzuri wa watu 200?
Jibu: Hatua ya 1, kisha ya 3. Hujasema watu hao wanakuja kufanya nini.

Afisa Siaya: Hilo la kuanza bila mheshimiwa halitekelezeki. Inaonekana hujawahi kuandaa shughuli ya serikali.
Jibu: Nimeandaa. Sikusema abishiwe mlangoni. Msaidizi wake apewe ratiba mapema ikiwa na nafasi mbili: ya asubuhi, na nyingine kabla ya chakula endapo atachelewa. Wengi hukubali wakiambiwa mapema.

Mwalimu, Kakamega: Shikamoo. Tunatarajia washiriki viziwi. Mkalimani mmoja wa lugha ya ishara atatosha kwa siku nzima?
Jibu: Marahaba mwalimu, asante kwa kuuliza hili. Hatoshi. Tafuta wawili wapokezane kila dakika 20 hivi, kwa sababu kazi hiyo huchosha akili na mikono, na aliyechoka huanza kuruka maneno. Wapelekee mada na majina ya watu siku kadhaa kabla. Mkalimani asimame karibu na mtoa mada, na taa zisizimwe kwa ajili ya projekta. Mikono isipoonekana, viziwi wametolewa nje ya mkutano. Viti vya mbele upande huo viwe vyao. Ukihitaji, nitakusaidia kupanga ukumbi.

Nakuru Mashariki: Wakija kwetu waambieni wabebe sweta. Mji uko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na jioni watu wa ziwani hutetemeka.
Jibu: Kweli, iandikwe kwenye mwaliko.

Mama Samaki, Dunga: Na chakula? Wageni wote wanataka samaki mzima.
Jibu: Mama, mpe mgeni samaki mzima jioni. Mchana, mwenye miiba haliki kwa saa moja mkiwa 200, na kipindi cha alasiri kitachelewa. Mchana weka minofu, meza mbili za kupakulia, na maji ya kunawa pande zote mbili.
Mama Samaki, Dunga: Minofu naweza, lakini niambiwe idadi siku mbili kabla.
Jibu: Utaambiwa siku tatu kabla.