Namna ya Kuchangia Kinga ya Malaria kwa Wakimbizi Ukiwa Mtwara au Lindi

Katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2017, maambukizi ya malaria kwa watoto wa chini ya miaka mitano yalikuwa takriban asilimia 7 kwa nchi nzima. Mtwara ilikaribia asilimia 15, na Kigoma, mkoa wenye kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Nduta, ilifikia asilimia 24. Wakazi wa kambi hizo wametoka hasa Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na waliokulia nyanda za juu zenye baridi, ambako mbu waenezao malaria ni wachache, hufika bila ile kinga ya mwili inayojengeka kwa mtu aliyeugua mara kwa mara tangu utotoni. Lindi nayo iliwahi kupokea wakimbizi wa Msumbiji pale Rutamba wakati wa vita vya ukombozi, kwa hiyo wazo la kuchangia si geni huku.

Toa fedha, usitoe vyandarua. Kuingia kambini kunahitaji kibali cha serikali chini ya Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998, na ugawaji hupitia UNHCR (shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi) na mashirika yanayoshirikiana nayo, hivyo shehena iliyokusanywa Masasi kwa nia njema yaweza kuishia kukaa ghalani. Zaidi ya hayo, maeneo mengi yana mbu waliokwisha kuzoea dawa za kundi la pairethroidi, zinazotiwa kwenye vyandarua, na wataalamu ndio wanaojua ni chandarua cha aina gani kinachofaa mahali fulani. Vyandarua vinavyogawiwa shuleni, mpango ulioanzia Lindi, Mtwara na Ruvuma mwaka 2013, visikusanywe kamwe kwa ajili ya mchango, kwa kuwa mtoto aliyepewa anakihitaji usiku huohuo. (Kwamba vingine huishia kuvulia dagaa ni jambo la kusikitisha, lakini halihalalishi kuvichukua.)

Kuchagua shirika ndiko kunakostahili muda mrefu zaidi. Kampeni ya Wakfu wa Umoja wa Mataifa iliyoanza mwaka 2006 kwa jina la Nothing But Nets, na ambayo sasa huitwa United to Beat Malaria, imeshirikiana na UNHCR kuwafikishia wakimbizi vyandarua, na kwa miaka mingi iliomba dola 10 kwa kila kimoja. Against Malaria Foundation, iliyoanzishwa mwaka 2004, hutaja bei ya chini mno kuliko hiyo. Usikimbilie kusema kwamba mmoja anakula cha juu. Dola 10 zilihesabu ununuzi, usafirishaji, ugawaji na elimu ya matumizi, ilhali Against Malaria Foundation huelekeza michango ya umma kwenye ununuzi na kuwaachia wabia wengine gharama za ugawaji. Kwa kuwa shirika hilo la pili hushughulikia zaidi ugawaji wa nchi au majimbo mazima, anayetaka fedha zake ziwafikie wakimbizi hasa afadhali aelekee upande wa UNHCR na wabia wake. Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania, ambacho kimewahi kutoa huduma za afya katika kambi za Kigoma, kina faida ya kuwa na matawi mikoani, ambako mtu anaweza kwenda kuuliza ana kwa ana.

Ukichagua shirika dogo la hapa nchini, liombe likuonyeshe cheti cha usajili na ukihakiki kwa Msajili wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali. Fedha zipelekwe kwenye akaunti yenye jina la shirika. Anayekupa namba ya simu ya mtu binafsi ni ndugu yake yule wa “ile hela tuma kwenye namba hii”.

Wakati wa kutoa una uzito kuliko wengi wanavyodhani. Malipo ya korosho huanza kuingia baada ya minada ya Oktoba, na mvua za Kigoma huanza wakati huohuo, kwa hiyo fedha ya Novemba haiwezi kununua chandarua cha Novemba, maana kununua na kusafirisha huchukua muda. Kikundi cha kikoba kinaweza kutenga fungu wakati wa malipo na kulituma mapema kwa ajili ya msimu unaofuata, bila kulifunga kwa masharti mengi, ili shirika liweze pia kununua vipimo vya haraka na dawa mseto iwapo wakimbizi wapya wataingia ghafla. Uamuzi uandikwe kwenye muhtasari wa kikao, na mhazini atunze risiti.

Ripoti inapokuja, tafuta idadi ya vyandarua vilivyokutwa vimetundikwa katika ukaguzi wa baadaye, kwa sababu idadi ya vilivyogawiwa haitoshi: hema halina boriti, na pasipo kamba na nguzo chandarua hubaki kwenye mfuko wake. Uliza pia ni lini vitabadilishwa. Chandarua chenye dawa ya muda mrefu hukadiriwa kudumu miaka mitatu, na katika maisha ya kambini chaweza kuchanika kabla ya hapo.